Chipu ya Laptop ya Baba Mkwe

Niko na ugonjwa mmoja: mbele ya baba mkwe siwezi kutamka "sijui". Mzee Sankale aliponipa laptop yake kuukuu niiwekee mfumo mwepesi wa Linux kando ya Windows, angalau ikimbie kidogo kabla ya kumbukumbu ya marehemu mama mkwe, ambapo tungeonyesha picha zake zilizomo, nilijibu, "Hiyo ni kazi ndogo, baba."

Nilipofika nyumbani Kitengela, mashine ikanikatalia. Nikailaumu ile chipu ya usalama iliyo ndani, nikafuta kila kilichohifadhiwa ndani yake. Linux ikaingia vizuri, lakini picha za mama sikuziona. Nikajituliza: ziko upande wa Windows, nitazifungulia huko huko.

Jumamosi, Kajiado, boma limejaa wakwe. Nikawasha laptop na projekta. Kwenye shuka nyeupe iliyotundikwa ukutani kukatokea skrini ya bluu ikidai nambari ndefu ya kufungulia diski. Kumbe chipu niliyoifuta ndiyo iliyokuwa ikishika ufunguo wa upande wa Windows, na hiyo nambari hakuna aliyewahi kuiandika popote.

"Mkwe wangu ni fundi!" mzee akawatangazia wageni. Akavua kofia, akasimama, na boma zima likasimama naye. Halafu akaniinamia sikioni.

"Mama anatokea saa ngapi?"