Fundi Aliyelaza Maji Sakafuni

Mtu ninayetaka kuwapa habari zake ni fundi aliyenitengenezea bafu, na nasema mapema kwamba nilimshuku tangu alipotia mguu uani. Mtaani walimwita Kesho. Ukimuuliza kazi itaisha lini, atakwambia, "Tutaona kesho." Ukimuuliza kama Jumatano atakuja, "Tutaona kesho." Sasa niambie wewe, nani mwenye akili zake anamkabidhi nyumba mtu anayeitwa Kesho?

Lakini nilikuwa nimebanwa. Mzee wangu aliteleza bafuni akavunjika nyonga. Lile bafu letu la zamani lilikuwa na sakafu laini kama mgongo wa kambale, na maji yake hayakutaka kabisa kwenda kwenye tundu. Yalikwenda kona ya mlango, yakakaa pale kama wageni wasiojua kuaga. Kuna chura alilea watoto kwenye ile kona mpaka wakaoa.

Binti yetu mkubwa akamchukua baba yake kwake akamuuguze. Mwezi wa kwanza nilishukuru. Wa pili nikaanza kuhesabu siku. Wa tatu nikasikia kamnunulia kitanda, nikashtuka, maana mtu hanunuliwi kitanda ili arudi kwake. Nikampigia simu.

"Mama," akasema, "Baba anatembea vizuri sasa. Lakini harudi huko mpaka hilo bafu litengenezwe, na nilione kwa macho yangu. Sitaki la kupakwa rangi. Nataka lililotengenezwa."

"Na nikichelewa?"

"Atabaki hapa. Ameshazoea."

Hilo neno la kuzoea ndilo lililonichoma. Miaka arobaini na sita nimegombana na mzee yule kila asubuhi juu ya sauti ya redio, na sasa nyumba ilikuwa imenyamaza hata nawasikia mchwa wakitafuna mlango. Nilimtaka mzee wangu, basi. Nikaanza kutafuta fundi.

Wa kwanza alikuja amejipulizia manukato, viatu vinang'aa kiasi cha kujitazamia meno. Alisimama mlangoni mwa bafu, hakuingia, akasema, "Mama, hii kazi ndogo. Siku tatu."

"Umejuaje ni ndogo na bado uko nje?"

Akacheka, akataka nusu ya fedha papo hapo akanunue vifaa. Nikamwambia fedha anashika mzee, na mzee yuko safarini. Sikusema uongo mkubwa.

Wa pili alinionyesha kwenye simu picha za mabafu aliyojenga. Mabafu mazuri, yana taa mpaka ukutani. Moja nikalitambua. Lilikuwa kwenye kalenda ya duka la vifaa vya ujenzi, mwezi wa sita, na kalenda yenyewe imetundikwa jikoni kwangu. Nilimkaribisha jikoni, nikamkalisha chini ya kalenda, nikampa chai. Aliinua macho mara moja tu. Sijapata kumwona binadamu akinywa chai ya moto kwa kasi ile. Nadhani ulimi wake mpaka leo haujui chumvi.

Huyu Kesho nilielekezwa na jirani yangu mshonaji, aliyekuwa ametengenezewa bafu naye mwaka uliopita.

"Shoga, haongei," akaniambia, "lakini bafu lake utatamani uhamie humo na mto wako."

"Asiyeongea anaficha nini?"

"Na wewe unayeongea hivyo unaficha nini?"

Nikachukua ndoo yake, nikaijaza, nikaingia bafuni kwake nikaimwaga yote kwa mpigo. Maji yakajikusanya yakashuka kwenye tundu kama mbuzi wanaorudi zizini, hakuna hata mmoja aliyezurura. Nikapiga magoti, nikapapasa kona zote nne kwa kiganja. Kavu. Basi nikamwita Kesho, moyo ukiwa bado umekunja ndita.

Alikuwa mtu wa miaka hamsini na kitu, mwembamba, suruali yake imeshika saruji ya miaka na miaka. Akiivua nadhani inasimama yenyewe. Alivua kandambili, akaingia bafuni, akasimama peku palepale mzee alipoanguka, akafumba macho.

"Unasali?" nikamuuliza.

"Nausikiliza mguu." Akafumbua jicho moja. "Mzee alianguka akiingia au akitoka?"

"Akitoka."

"Mkono gani ulitafuta cha kushika?"

Nikampigia mzee. Mzee akasema mkono wa kushoto, kisha akataka kujua kwa nini naulizwa mambo ya polisi. Fundi akaweka alama kwenye ukuta wa kushoto, mahali pa kufunga bomba la kushikia, akavaa kandambili zake.

"Malipo ya mwanzo?" nikamuuliza, nimeshajiandaa kwa vita.

"Tutakwenda dukani pamoja, mama. Utanunua mwenyewe. Mimi utanilipa kazi ikiisha."

Hapo nikamshuku mara mbili. Yule wa manukato angalau nilijua anataka nini.

Tangu siku alipoanza kuvunja, niliweka kigoda changu ukumbini nikatazamana na mlango wa bafu. Mifuko ya saruji niliihesabu kwa kufunga mafundo kwenye uzi. Vigae nilivihesabu alipokwenda kula, nikavihesabu tena aliporudi, nikakuta kimezidi kimoja, nikamshuku kwa hicho kimoja. Alikuwa akifanya kazi kimya. Alivunja sakafu yote, akamwaga mpya, akaipima kwa pima maji kila hatua ya mguu, akaipaka dawa nyeusi ya kuzuia maji, mara moja, ikakauka, mara ya pili, ikakauka. Wiki mbili hizo. Binti akasema Jumapili inayofuata atamleta baba yake, na kabla ya hapo, Jumanne asubuhi, atapita kukagua.

Jumatatu alasiri fundi akafanya jambo la ajabu. Aliliziba tundu la maji kwa matambara na nailoni, akajenga kizingiti cha matofali mlangoni, akajaza maji sakafuni kimo cha vidole vitatu. Akachukua penseli, akachora mstari ukutani, akaanza kukusanya vyombo vyake.

"Sasa hiki nini?" nikamuuliza.

"Maji yalale."

"Yalale mpaka lini?"

Mnajua alivyojibu.

Nilidhani ni ile desturi ya kuinywesha saruji ili ikomae. Mstari ule sikuujali, mafundi wanachora kuta kila siku. Jumanne asubuhi nikaamka na shida yangu nyingine kabisa: vumbi. Nyumba nzima ilikuwa nyeupe kama kinu cha unga, binti yuko njiani, na koki kubwa ya uani fundi aliifunga jioni ile alipomaliza kujaza, kwa sababu ya mabomba. Mitungi mikavu. Kwa mshonaji kumefungwa, kaenda kununua vitambaa. Nikatazama bafuni, nikaona ziwa zima limelala bure. Nikateka ndoo mbili, nikapiga deki ukumbi na sebule mpaka pakawa panateleza macho.

Saa tatu fundi akaingia. Akachuchumaa mbele ya mstari wake. Alikaa hivyo kwa muda mrefu hata nikasogeza kigoda.

"Mama, kuna mtu ameingia humu?"

Nikajua ananitafutia kesi. Labda kasahau mwiko wake mahali, sasa anataka kunibambikia. "Nani aingie?" nikasema. "Niko peke yangu."

"Maji yamepungua upana wa kidole." Akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. "Sakafu inavuja."

Sasa ndipo akanieleza, kwa maneno mengi kuliko yote aliyosema kwa wiki mbili: maji yanalazwa kabla ya vigae, yanawekewa alama, yakishuka ujue kuna ufa, na ufa ukifunikwa na vigae utakula nyumba kwa chini.

Nilitaka kusema. Kweli nilitaka. Lakini shetani wangu, ambaye ni mkubwa kuliko mimi kwa umri, akaninong'oneza ningoje kidogo. Mstari wa penseli unafutika kwa gumba na mate. Bi mkubwa, yaani mimi, kasema hakuna aliyeingia, hajui lolote kuhusu sakafu, na fundi yuko peke yake bafuni. Kama ni mwizi, leo nitamjua. Nikajikausha, nikajifanya nakuna kisigino.

Hakuufuta mstari. Aligonga sakafu kwa kifundo cha kidole, kona hadi kona, sikio limeinamishwa. Akarudi juu ya ndoo yake. Kisha akanyoosha mkono, akachukua nyundo na tindo.

Na hapo hapo binti yangu akaingia.

"Hodi humu. Mama, ukumbi unang'aa," akasema, kisha akamwona fundi na tindo. "Kuna nini?"

"Sakafu inavuja," fundi akasema. "Kosa langu. Naivunja naimwaga upya, na saruji nitanunua mimi. Wiki mbili."

"Wiki mbili?" Binti akageuka kwangu, na sura yake ilikuwa ya huruma, jambo baya zaidi. "Basi Mama, tuache. Baba abaki kwangu. Nitakuja kuchukua nguo zake zilizobaki."

Fundi akaliweka tindo kwenye sakafu nzuri kabisa, akainua nyundo.

"Weka chini," nikasema.

Akanitazama.

"Weka chini hiyo nyundo. Maji nimeyachota mimi. Nimepigia deki."

Binti akatazama ukumbi unaong'aa, akatazama bafu, akajishika mdomo.

"Mama. Na ulipoulizwa?"

"Nilisema niko peke yangu. Na nilikuwa peke yangu."

"Alitaka kuvunja sakafu kwa fedha yake, na wewe umekaa unamtazama?"

"Nilitaka kuona kama atafuta mstari."

Binti akacheka mpaka akaegemea ukuta. Fundi hakucheka. Aliiweka nyundo polepole kama anayemlaza mtoto.

"Ndoo ngapi?"

"Mbili."

"Zilijaa?"

"Moja ilijaa. Nyingine haikufika mdomoni."

Akaenda kufungua koki, akaleta maji kwa ndoo ileile, akayarudisha. Yakapanda, yakagusa mstari. Binti akapiga makofi. "Basi imekwisha, fundi. Weka vigae."

"Bado," akasema. "Ndoo mbili kasema mama. Huenda zilikuwa tatu. Yatalala tena."

"Huniamini?" nikamuuliza.

"Wewe uliniamini?"

Akakichukua kigoda changu, changu mwenyewe, akakiweka ukumbini, akakaa kuyalinda maji. Kutwa nzima. Kila nikipita na kikombe, macho yake yananifuata. Nilipokwenda kwa mshonaji kuomba chumvi, nikakuta amerudi, na habari zimefika kabla yangu.

"Nasikia umekamatwa na ndoo," akasema.

Mchana nikampelekea chakula, nikakaa chini karibu naye, maana kigoda sina. Nikamuuliza haya mambo ya kulaza maji aliyatoa wapi. Akala kwanza. Kisha akasema alijifunza kazi kwa mjomba wake, wakijenga matangi ya maji. Walijenga moja la shule. Likatoa ufa, mjomba akaupaka lipu juu, akapokea malipo, akatokomea. Tangi likakauka wiki ya kwanza ya kiangazi, na wanafunzi wakawa wanapanda mlima kutafuta maji. Yeye alikuwa na miaka kumi na tisa. Alibaki. Alilibomoa na kulijenga upya peke yake miezi minne, akilala stoo ya shule, na kina mama wa pale wakimtukana kila asubuhi kama salamu.

"Walikulipa?"

"Waliacha kunitukana."

Nilitaka kumshuku kwa hilo pia, lakini sikupata pa kushika.

Jioni alifunga mlango wa bafu kwa kufuli lake, akaondoka na ufunguo mfukoni. Nyumbani kwangu mwenyewe. Jumatano asubuhi akafungua, akachuchumaa, akaniita nami nichuchumae. Maji yalikuwa chini ya mstari kwa unene wa unywele, na huo, akasema, umenyweka na hewa. Alipanga vigae vyenye mikwaruzo, visivyoteleza, hadi Ijumaa, akafunga bomba la kushikia, Jumamosi akasafisha. Nikamlipa yote. Alihesabu mbele yangu, mara mbili.

Jumapili mzee akashuka garini na mkongojo wake. Fundi naye alikuja, kavaa shati safi, hakuitwa na mtu. Akamwaga maji sakafuni makusudi, akamwambia mzee avue viatu.

"Na nyote mtanitazama nikioga?" mzee akauliza.

Akaingia, akafunga mlango. Sisi watatu tukabaki ukumbini tumetega masikio. Binti ameshika funguo za gari. Maji yakamwagika. Kisha kimya. Kimya kile kilikuwa kirefu kuliko miezi yote mitatu.

"Baba?" Binti akagonga. "Baba, uko sawa?"

"Nitakuwa sawa mkiondoka hapo mlangoni."

Binti akatoka nje. Nilisikia mlango wa gari ukifunguliwa, nikadhani anamngoja baba yake garini waondoke wote. Alirudi na begi mkono mmoja, mfuko wa dawa mkono wa pili, redio ameibana kwapani. Alinipita, akaingia chumbani, akaanza kuyapanga mashati ya baba yake kabatini.