Siku Mjomba Alipokuja Kuliona Gari

Mke wangu, mwalimu hapa Mtwara, alikwenda kwao Iringa na mtoto, akaniachia neno moja tu. Likizo yake ya uzazi inaisha Jumatatu. Kama gari litakuwa bado liko uani, anaomba uhamisho wa shule na Mtwara harudi. Hakuwa anatania. Uchungu ulipomshika, gari lilisugua tumbo kwenye mchanga wa njia yetu likagoma kutoka, akafika hospitali kwa bodaboda.

Jumamosi ile nilikuwa nimebakiza siku mbili. Gari lenyewe lilikuwa sedani ya turbo, limechoka kwa kilomita lakini injini bado ina hasira, na nilikuwa nimelishusha kwa springi fupi hadi paka wa jirani akawa analizunguka badala ya kupita chini yake. Nililipenda kijinga.

Mnunuzi, kijana mkulima wa korosho kutoka kijiji cha mbele ya Naliendele, alikuja na wazee wawili. Mmoja akajitambulisha kuwa ni baba yake. Sisi wa kutoka bara tunajua baba ndiye mwenye neno, kwa hiyo nikamganda huyo. Shikamoo mbili mbili, boneti juu, kiti cha mbele. Yule mwingine nikamwambia, "Mzee, wewe tusubiri hapa kivulini. Tukijaa wanne litagusa chini."

Tukaenda hadi Mikindani na kurudi. Kijana alikuwa anacheka mpaka jino la mwisho. Baba akasema gari ni zuri, nami nikaanza kumuona mke wangu akishuka kwenye basi.

"Sasa tumsikilize mjomba wake," baba akaongeza. "Kwetu mtoto ni wa mjomba. Mimi nimesindikiza tu."

Nikageuka kuangalia kivulini. Mjomba alikuwa bado amesimama palepale nilipomwacha.

"Mimi gari sijaliona," akasema. "Niliambiwa nisubiri."

Nikaomba radhi mpaka kijana akanionea aibu. Mjomba akainama, akachungulia chini ya gari. Kisha akauliza kwa nini naliuza. Sikuwa na nguvu ya kutunga, nikamweleza habari ya mchanga na bodaboda.

"Na huyu mpwa wangu anaoa," akasema. "Springi lilizokuja nazo gari ziko wapi?"

"Stoo."

"Zirudishe. Hutaki, sisi tunakwenda zetu."

Fundi alimaliza mchana uleule. Gari likapita kwenye mchanga wetu na watu wanne ndani, mjomba kiti cha mbele, wala halikugusa. Wakalipa, wakaondoka nalo.

Nikampigia mke wangu. Nikamwambia limeuzwa, nikamsimulia yote, mjomba, fundi, springi, huku nacheka kwa furaha.

Upande wa pili nilimsikia mtoto akinyonya.

"Kwa hiyo," akasema, "springi zilikuwa stoo siku zote?"