Kadi Mbili na Ungo wa Karafuu

Kaka yangu na mimi tulikuwa na kompyuta moja na kadi mbili kuukuu za picha, zile za kuchomekwa ndani yake ili gemu ionekane kiooni, moja ya kaka na moja yangu, kila mtu akiapa kwamba yake ndiyo ya kuchezea gemu. Yake ilikuwa kimya, lakini mchezaji aliganda kila akifika golini. Kuganda gani huko! Yangu haikukwama, ila feni ilinguruma na nyuma palitoka joto la tanuri. Mama alituona wapuuzi sote.

Kisha mvua za vuli zikashika, karafuu za Mama zikagoma kukauka. Akaja na ungo, akapapasa nyuma ya kompyuta, akakuta pa baridi, maana ndani mlikuwa na kadi ya kaka.

"Ile ya moto mmeitia wapi? Irudisheni!"

Nikashinda. Jioni nikainuka nidurusu.

"Vitabu vya nini?" akafoka. "Karafuu bado mbichi! Kaa ucheze!"