Nena Langu Kwanda

Harufu ya vumbi la mbao za mbambakofi hunirudisha moja kwa moja ukumbini kwetu, mtaa wa Langoni, mjini Lamu, miaka ya hamsini, nikiwa msichana wa miaka kumi na mmoja, mbishi kupindukia. Baba na ami, mdogo wake, walichonga milango ya nakshi, na kutwa nzima walibishana: nakshi ianzwe juu au chini, riziki hutafutwa au imeandikwa. Ubishi wao ulikuwa na sharti moja. Huruhusiwi kumpinga mwenzako mpaka uyaseme maneno yake vizuri, yeye mwenyewe akubali kwamba ndivyo. Aliyeshindwa alinoa patasi zote.

Mwaka huo nilihitimu Kurani, nikataka kwenda skuli ya wasichana Mombasa. Baba akakataa. Nililia siku tatu, nikasusa chakula, haikusaidia kitu. Siku ya nne nilijifuta machozi nikasimama mbele yake akichonga. Hakuinua macho. "Nena langu kwanda," akasema; niliseme lake kwanza, kama sharti la ubishi wao.

"Baba, wachelea niketi na watu tusowajua, dini initoke. Tena wachelea majirani watanena kuwa huna haya."

Baba akaiweka nyundo chini. Ami akacheka, "Kakupata, kaka!"

"Ingaliko moja," Baba akasema. Sikuijua. Akaitaja mwenyewe, kwa sauti ndogo: "Ndia ni ndefu. Utakwenda, usirudi."

Hofu mbili za kwanza nilizijibu barabara: Kurani niliihifadhi moyoni, na majirani hao hao ndio watakaoniletea barua zao niwasomee. Ya tatu niliijibu upesi mno. "Nitarudi," nikasema. Baba akaishika tena nyundo, akaniruhusu.

Miaka baadaye, chuoni ng'ambo, nilisomeshwa falsafa ya Wazungu. Myunani mmoja alidai kila kitu hubadilika, mwingine akadai hakuna kinachobadilika, na waliofuata wakalazimika kuwasikiliza wote wawili kabla ya kusema lao. Wenzangu waliduwaa. Mimi nilinusa mbambakofi, nikacheka peke yangu.

Nimezeeka nikiifundisha falsafa hiyo huku huku ugenini. Vijana wa leo hupinga kabla hawajasikia, nami huwarudisha kila mara: sema lake kwanza. Wanakasirika. Siachi, wala sitaacha. Baba alizikwa nikiwa huku, na kaburi lake nimeliona kwenye picha tu. Hofu yake ya tatu sasa naweza kuisema vizuri kabisa, kama sharti linavyotaka. La kumjibu sina.