Minazi ya Babu na Mashine ya Abdulkadir

Binamu yangu Abdulkadir ni mtu wa kawaida kabisa. Anapenda pweza wa nazi, huchelewa harusini, na kanzu yake ya Idi haimalizi asubuhi bila kumwagikiwa chai. Nayasema haya kwa sababu hapa Msambweni, kila kijana anayeitwa chuo kikuu kusoma kompyuta hutumwa kwake kupata nasaha, na watu humtaja kana kwamba alizaliwa na kompyuta kwapani. Uongo. Mimi Khamisa nilikuwapo alipoanza, na alianza vibaya.

Ilikuwa miaka michache baada ya uhuru, wakati kila kijiji kilitaka kuwa na mtu wake chuo kikuu. Wetu alikuwa yeye. Alikwenda Nairobi kusoma hesabu pamoja na somo jipya la kompyuta, na hakuna hata mmoja kati yetu aliyejua kompyuta ni mnyama gani. Baba yangu, Mbwana, ambaye ni mjomba wake, hakuona hilo kuwa kizuizi. Aliwaambia watu msikitini kwamba mpwa wake anaendesha mashine inayojua kila kitu. Kwetu Wadigo mjomba ndiye mwenye mpwa, seuze mpwa aliyefiwa na baba, kwa hiyo sifa za Abdulkadir zilikuwa sifa za Baba. Baba yangu nampenda, lakini kwa kupiga chuku hana mpinzani kutoka Tiwi hadi Vanga.

Abdulkadir alipokuja likizo ya kwanza, hata begi hajalitua, watu walikuwa wameshafika. Mzee Kavumbi, mfugaji kutoka upande wa bara, alitaka mashine imwambie ng'ombe wake aliyepotea yuko wapi. Mama mmoja alitaka kujua mumewe baharia atarudi lini, na kama atarudi peke yake. Abdulkadir alitabasamu, akasema inshallah, akaenda kuoga. Mimi nilimtazama nikajua kuna jambo analificha.

Siku ya pili, baada ya chakula cha mchana, Baba alimwita barazani pamoja na dada zake wawili, Shangazi Asiya, ambaye ni mamake Abdulkadir, na Shangazi Bimkubwa. Babu yetu alikuwa amefariki na kuacha shamba la minazi. Kadhi alishasema kwamba fungu la mwanamume ni mara mbili ya la mwanamke, basi nusu ilikuwa ya Baba, na dada zake kila mmoja robo. Hapo hapakuwa na ugomvi. Ugomvi ulikuwa mti upi uende kwa nani, maana kuna mnazi unaozaa mpaka unainama na kuna mnazi uliosimama tu kuwapa kunguru makao. Tangu matanga yaishe, ndugu hawa watatu walikuwa wakisalimiana kwa midomo tu, na sisi watoto tulichoka nao.

"Mashine haina shangazi wala mjomba," Baba alisema. "Haitampendelea mtu. Ipe minazi hii ituamulie."

Abdulkadir alimsogelea. "Mjomba, niwie radhi. Mimi hiyo mashine sijaigusa hata siku moja."

Akayatoa yote. Mashine imekaa katika chumba chake nyuma ya kioo, na ina watu wake wanaoihudumia. Mwanafunzi huandika maagizo yake, huyatoboa kwenye kadi, hupitisha kadi dirishani na kungoja mpaka kesho. Ikikosekana alama moja ndogo, hurudishiwa kadi bila jibu. Siku zilizobaki ni hesabu, tena hesabu nyingine hazina hata tarakimu. Mtihani wa kwanza alipata alama ambazo hakutaka kuzitaja mbele ya mamake. Wiki nyingi aliamini kwamba wenzake wote wanaelewa, na yeye peke yake ndiye aliyetoka pwani na kichwa kitupu. Mwishowe alimuuliza mwenzake mmoja, Rispah, aliyesoma shule kubwa ya huko huko Nairobi. Rispah akacheka, akamwambia kwamba naye hajaelewa kitu tangu siku ya kwanza.

"Kumbe sote tulikuwa tumenyamaza tukiogopana," Abdulkadir alisema. "Sasa tunasoma pamoja, na nimeanza kuyapenda masomo. Hakuna aliyekuja anajua, Mjomba. Tunafunzwa kuanzia alifu."

Baba alikuwa amesikia mwanzo tu. "Nimewaambia watu unaiendesha," alisema, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeaibika. "Kama ni kusimama dirishani, hata Ramisi kuna madirisha. Kiwanda cha sukari kinataka karani. Nairobi hurudi tena."

Shangazi Asiya aliinamisha kichwa. Kaka yake akishasema, yeye hasemi. Abdulkadir naye alitazama mkeka, na mimi moyo uliniuma, kisha nikapandwa na hasira.

"Baba," nilisema, "umempa kazi, kisha unamnyang'anya kabla hajaianza. Mwache aijaribu."

Sikuulizwa, na nilijua. Baba alinitazama kama anavyomtazama mbuzi aliyeingia muhogoni. Lakini dada zake walikuwa wakimwangalia, naye hapendi kuonekana dhalimu.

"Haya," alisema. "Muhula mmoja. Aje na jibu. Jibu likiwa bovu, ni Ramisi."

Kesho yake tuliingia shambani sote. "Mashine haijui mnazi ni kitu gani," Abdulkadir alituambia. "Nambieni nyinyi. Huu una thamani gani, na kwa nini?" Hapo ndipo niliposhuhudia maajabu. Kila mtu aliuponda mti alioutaka, ili uhesabiwe kidogo katika fungu lake, na kuusifu ule aliotaka mwenzake auchukue. Mnazi uliokuwa lulu jana, leo Shangazi Bimkubwa aliuita kuni. Abdulkadir hakubishana. Aliuliza tu: unazaa? Nazi zake kubwa? Ni mkongwe? Na jibu la mti huu alilitumia kwa mti wa pili uliofanana nao, mpaka ujanja ukawaishia wenyewe. Kufikia alasiri wazee wangu walikuwa wameketi chini wanakunywa madafu na kuchekana. Minazi iliyozunguka nyumba zetu, zilizo humo humo shambani, Abdulkadir aliikagua peke yake, maana sisi tulikuwa hoi.

Likizo iliyofuata alirudi na karatasi ndefu yenye matundu ubavuni. Mashine ilikuwa imejibu. Akasoma mti baada ya mti, na kila mmoja alitikisa kichwa kwa kukubali. Nilianza kupumua. Kisha akasoma kwamba mnazi ulio nyuma ya jiko letu ni wa Bimkubwa.

Chini ya mnazi ule ndipo kilipozikwa kitovu changu. Kwetu mtoto akizaliwa, kitovu chake huzikwa penye mche wa mnazi, na mti huo huwa wake mpaka kufa. Haurithiwi wala hauuzwi. Abdulkadir aliendelea kusoma, na kumbe hata mnazi wa kitovu chake mwenyewe, ulio mlangoni kwa mamake, mashine ilikuwa imempa Baba.

"Mashine yako imemgawa mwanangu," Baba alisema.

Abdulkadir angeweza kuitupia mashine lawama, na nani kati yetu angembishia? Mimi nilimwombea afanye hivyo. Hakufanya.

"Mashine haikukosea, Mjomba. Nimekosea mimi. Habari ya vitovu sikuiambia. Naijua mno, hata nikasahau kwamba mashine haijui."

"Na makosa kama haya unayafanya mara nyingi?"

"Kila siku," Abdulkadir alijibu. "Ndiyo masomo yenyewe. Nalitafuta kosa, nalisahihisha, napeleka kadi tena." Aliyasema kwa uso uliokunjuka, kama mtu anayeulizwa habari za mchumba. Nikaona anaipenda kweli kazi hii, na nikamwogopea zaidi.

Shangazi Bimkubwa ndiye aliyeingilia kati. "Mti wa kitovu mimi sichukui. Nipe ule wa kando ya njia, yaishe." Baba naye akauachia mnazi wa mlangoni kwa dada yake bila hata kuombwa, akapewa mwingine. Kabla kahawa haijapoa, jambo lililowashinda tangu matanga lilikuwa limekwisha, na Shangazi Asiya alikuwa ameushika mkono wa dada yake.

Baba hakushangilia. Alikaa akiigeuzageuza ile karatasi, ambayo hakuweza kuisoma, na Abdulkadir alisimama mbele yake akingoja hukumu yake.

"Hiyo mashine," Baba aliuliza hatimaye, "sasa inajua habari ya vitovu?"

"Bado, Mjomba."

"Basi rudi ukaiambie."