Kiti cha Kocha Ngoie

Nakumbuka siku moja ya mazoezi, nikiwa na miaka kumi na saba, nahodha wa timu ya shule yetu ya sekondari hapa Shituru, na kichwa changu kimevimba kuliko mpira wenyewe. Kocha wetu, Papa Ngoie, alikuja uwanjani akiyumba. Ulimi wake ulikuwa mzito. Alipotaka kutuonyesha namna ya kupiga kona, alianguka chali mbele yetu sote.

Mwanangu, nyumbani tulikuwa watu wa maombi. Baba yangu alipookoka aliacha lutuku, ile pombe kali ya mahindi, na tangu hapo nilijiona bingwa wa kuwatambua walevi. Kocha yuko chini, mimi sikumsogelea hata kunusa pumzi yake. Nilikwenda moja kwa moja kwa prefe, mkuu wa shule, nikamwambia kocha anakunywa. Nikawaambia na watu wa kanisani. Prefe akamsimamisha kazi, na mtaa wetu mzima, wa nyumba za wafanyakazi wa kiwanda, ukajua.

Siku ya tatu mke wake alileta shuleni karatasi ya daktari. Haikuwa pombe. Ulikuwa ugonjwa wa neva, unaomaliza nguvu za misuli kidogo kidogo, na hauna dawa. Alikuwa ameuficha ili asituache katikati ya mashindano.

Nilikwenda kwake kuomba msamaha, nikiona aibu mpaka miguuni.

"Pardon, Papa. Ni minye mwenyewe nilisema."

"Najua," alijibu, polepole sana. "Minye naogopa, mutoto yangu. Inaanza miguu, kisha mikono, kisha sauti. Docteur alinielezea yote. Lakini mupira, nikingali naiona muzuri." Akagonga kwa kiganja kiti alichokalia. "Kinywa yako iliniharibia jina. Sasa itanisaidia kusema. Kesho ukuye hapa, ubebe hii kiti mpaka uwanjani."

Prefe alimrudisha kazini. Mwaka mzima nilibeba kile kiti kichwani hadi uwanjani, watu wakinicheka. Yeye alikuja nyuma na fimbo yake, baadaye akishikwa mkono na mkewe. Aliketi kando ya mstari, ananiambia maagizo, mimi nayarudia kwa sauti kubwa. Alitutania, alitukaripia, hakukosa zoezi hata moja. Kombe hatukupata. Lakini ule ulikuwa mwaka wangu mzuri kuliko yote, na nikipita pale leo machozi yananitoka, mzee mzima.

Mwanangu, ukimwona mtu ameanguka, mnyanyue kwanza. Muulize yeye mwenyewe ana nini, kabla hujamsema kwa mkubwa wake au kanisani. Mimi niliomba msamaha nikasamehewa, na kocha amekwishazikwa zamani. Lakini hadi leo wako watu hapa Shituru wanaomtaja kama yule kocha mlevi, na mimi siwezi kufika kwa kila mmoja.

Mungu akupe afya, mwanangu. Na siku mwili utakapokukataa, akuachie moyo wa kumsamehe aliyekukosea.