Shangazi Aliyeshika Mechi ya Jengo Zima

Fundi wa mitandao wa jengo lile la ghorofa sita alikuwa mtu wa maneno machache na nyaya nyingi. Laini ya intaneti yenye nguvu ilikuwa moja tu, chini kabisa, kwa shangazi yake. Basi akabuni mpango: kompyuta ya shangazi ipokee mechi, iwagawie majirani wawili, kila mmoja awagawie wengine wawili, hivyo hivyo mpaka jengo zima litazame.

Ukafanya kazi, ila waliokuwa mkiani waliona bao nusu dakika baada ya wenzao. Mshonaji wa ghorofa ya tano akaja kulalamika.

"Wenzangu wanashangilia, kwangu mpira bado uko kwa kipa. Fundi, umeniacha nyuma ya wakati."

Jirani yake kinyozi hakulalamika. Alishusha kochi lake mpaka mlangoni kwa shangazi, akaketi na simu mkononi. Fundi akamweleza kwa upole kwamba zamu yake kwenye mgawo haihusiani kabisa na mahali alipokaa.

"Mbona tayari naona tofauti," kinyozi akasema.

Kufika jioni, ngazi zilikuwa na makochi manne na kitanda kimoja.

Shangazi naye kichwa kikamvimba. Watu wazima walimwamkia mara mbili mbili, wakanyata akisinzia. Siku ya fainali, kochi la tano likamgonga mguu mlangoni. Alizima kompyuta, akaitia kwenye mkoba, akaenda zake kwa wifi yake. Ghorofa sita zikabaki zinamkodolea macho refa yuleyule aliyeganda kwenye skrini, filimbi mdomoni.

Fundi alishika tama, kisha akaupangua mpango wote. Sasa mechi ilikatwa vipande vidogo vidogo. Kila simu ilivuta vichache kwa kifurushi chake hafifu cha intaneti, ikabadilishana na yeyote mwenye vingine. Shangazi aliporudi, akakuta watu wanatazama bila yeye.

"Kwa hiyo mimi sasa ni jirani tu?"

"Pumzika, shangazi. Hata ukizima, hakuna atakayejua."

Alidhani anamfariji. Shangazi alimnunia siku tatu. Ya nne akamwita, akamuuliza kwa sauti ya chini kompyuta yake yeye imewagawia wengine vipande vingapi.

Fundi akachungulia kwenye kompyuta. "Vingi kuliko kinyozi."

"Kamwambie."

Fundi akapanda ghorofa tano kwa miguu, akamwambia.